Ndege Iliyotafutwa Baharini

Shule ya Misheni, Kilema
18 Machi 1957

Kwa shemeji Agnesi,

Nakusalimu wewe, Augustino na watoto. Huku kwetu mvua zimeanza na kahawa imechanua, lakini sina moyo wa kuitazama.

Kapteni Redfern, mwenye ile kampuni ya ndege, ameniandikia. Anasema mke wangu Severa aliruka kutoka Dar es Salaam asubuhi ya Jumatano ya Majivu, peke yake, akipeleka dawa na magazeti Mafia. Hakufika. Wametafuta baharini, wameona utando wa mafuta juu ya maji, basi. Ameniambia nisiwe na tumaini. Mwishoni ameandika neno "pole" kwa Kiswahili.

Padri ananiuliza kama asome misa ya wafu. Nimemwomba asubiri. Sisi walimu hatufuti jina la mtoto kwenye rejista kwa sababu tu jirani kasema hatakuja tena, na mimi sijaona hata kipande kimoja cha ndege ile.

Sasa nikuulize, nawe unijibu kama dada yake. Chumba alichopanga Ilala kimekutwa kitupu. Kitanda kimetandikwa, sanduku halipo. Mtu anayekwenda Mafia na kurudi jioni hachukui sanduku. Je, alilileta kwako? Je, siku zile za mwisho alikuambia lolote juu yangu, au juu ya mtu mwingine? Usinifiche kwa kunihurumia. Huruma ya namna hiyo siihitaji.

Ni mimi shemeji yako,
Leodegar


Mtaa wa Swahili, Kariakoo
26 Machi 1957

Shemeji Leodegar,

Barua yako imefika imelowa. Nimeianika dukani juu ya gunia la vitunguu ndipo nikaweza kuisoma.

Sanduku silijui. Severa alipita hapa Jumapili, akala wali, akacheza na watoto, akaenda zake. Hakuniachia hata kitambaa cha kichwa. Juu yako hakusema kitu, na juu ya mtu mwingine ndiyo kabisa.

Mimi sikukaa nikisubiri barua ya Kapteni. Nilikwenda mwenyewe mpaka kiwanja cha ndege, Barabara ya Pugu. Alinipokea vizuri mno. Alinivutia kiti, akaniagizia chai na biskuti, akatandaza ramani mezani akaweka kidole katikati ya bahari.

"Hapa, mama. Tunadhani ni hapa."

"Nani alimwona akielekea huko?"

"Mimi mwenyewe."

"Ulikuwa umesimama wapi?"

"Pale mlangoni."

Nilipotoka nilisimama pale mlangoni, shemeji. Mbele kuna banda kubwa la ndege limeziba kila kitu. Upande wa baharini huuoni hata ukipanda juu ya kiti. Nimekwenda polisi nikawaambia. Askari aliandika, mkubwa wake Mzungu akasoma, akaniambia Kapteni ni mtu anayeheshimika, alirusha ndege wakati wa vita. Kisha akanitakia siku njema.

Kwa hiyo simwamini Kapteni. Lakini na wewe niache nikuulize, maana umeniuliza maswali mengi ukasahau kujieleza. Wiki ile ulikuwa wapi?

Agnesi


Kilema
4 Aprili 1957

Shemeji,

Wiki ile nilikuwa hapa Kilema nikisahihisha mitihani. Swali lako limeniumiza, lakini nimelijibu.

Unaniandikia kama vile wewe peke yako ndiye uliyempoteza. Hebu kumbuka nani alikuwa amesimama ukingoni mwa shamba la Mama Katina mwaka ule wa kwanza Severa kupanda ndege. Wewe ulikuwa umekwisha olewa, uko Dar. Mimi ndiye niliyekuwa pale. Yule mjane wa Kigiriki alikuwa na ndege ya marehemu mumewe na macho yaliyokuwa yanaanza kufifia. Akamchukua Severa, karani wake wa kupima kahawa, akamketisha pembeni amsomee mishale ile ya saa za ndege. Mwanzo ilikuwa kusoma tu. "Severa, mafuta?" "Nusu, mama." "Severa, tuko juu kiasi gani?" Halafu siku moja nikaona ndege inatua kwa upole ambao Mama Katina hakuwa nao tangu azaliwe, nikajua mikono imebadilika.

Nilimwoa nikijua hayo. Watu walinicheka, kwamba nimeoa mke ambaye akikasirika hatakimbilia kwao kwa miguu. Nilicheka nao. Alipokwenda Nairobi kufanya mtihani wa leseni, msimamizi alimwamuru aruke mara mbili kwa sababu mara ya kwanza hakuyaamini macho yake. Aliporudi nilimchinjia mbuzi. Mwanamke wa kwanza Mwafrika katika nchi hii kupewa karatasi ile, na alikuwa mke wangu.

Kwa hiyo mimi namjua. Severa hawezi kupotea njia ya Mafia. Mtu anayejua Kilimanjaro katika mawingu hapotei juu ya maji wakati wa mchana. Kama hakufika, hakutaka kufika. Yuko mahali, na yupo anayejua ni wapi. Nafikiri ni wewe. Kama yuko nyumbani kwako, au kwa mmoja wa hao rafiki zako wa Kariakoo, mwambie atoke. Sitamfanya kitu. Mwambie tu asiniache nikivaa nguo nyeusi kwa ajili ya mtu aliye hai.

Leodegar


Mtaa wa Swahili, Kariakoo
10 Aprili 1957

Kaka Tarsis,

Shikamoo. Natumaini mgongo umepata nafuu na mbao zako zinauzika. Barua hii isome peke yako kisha ichome jikoni. Severa ni mdogo wetu, na sasa lazima tuseme mambo ambayo tungependa yasisemwe.

Nimemdanganya Leodegar. Sanduku la Severa ninalo. Liko ghalani nyuma ya duka, limefunikwa magunia ya maharage. Alilileta mwenyewe Jumatatu, siku mbili kabla ya safari ile. Ndani kuna nguo, viatu, picha ya mama, na koti la ngozi alilopewa na Mama Katina. Nilimwuliza, "Unahama?" Akasema, "Dada, nimechoka kurudi Kilema kila mwezi kusikilizishwa maneno na mama mkwe juu ya tumbo langu lisilozaa. Na sasa Leodegar amenipa mwisho: Pasaka niwe nimeacha ndege, au niache nyumba. Nimeacha nyumba. Nitamwambia mwenyewe, wewe usimwambie." Ndiyo sababu sijamwambia.

Sasa fikiri pamoja nami. Mwanaume anaachwa. Siku hizo hizo mke anapotea. Na mume anaandika barua za kuuliza sanduku.

Lipo na jingine. Pale kiwanjani yuko mtu wa makamo, Bakili, Mngindo wa kusini, kazi yake kujaza petroli kwenye ndege. Anakaa Mchikichini. Nilimfuata kwake maana kazini hakunitazama usoni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akafunga mlango, akasema, "Mama, mie nikisema hili nimepoteza kazi." Nikamwambia, "Basi usiseme. Niambie tu Mafia ni mbali kiasi gani." Akatikisa kichwa. Akasema Mafia ni jirani, nusu tangi linamtosha Severa kwenda na kurudi. Lakini asubuhi ile Kapteni alimwamuru ajaze tangi mpaka juu, na tena afunge madebe ya petroli nyuma ya kiti. Na mzigo wa dawa na magazeti hakuuona. Ndege ilikuwa tupu.

Sijui petroli yote ile ilikuwa ya kwenda wapi. Nimewaza labda Severa alitoroka kweli, amekwenda Nyasa au Msumbiji kwa Wareno. Nimewaza labda Leodegar na Kapteni wanajuana. Sili vizuri. Augustino ananiambia niache, nitawatia watu hatiani kwa mawazo.

Wewe uko hukohuko. Nataka jambo moja tu: Leodegar alikuwa Kilema wiki ya Majivu, au hakuwepo?

Mdogo wako,
Agnesi


Kilema
Alhamisi Kuu, 18 Aprili 1957

Agnesi,

Marahaba. Mgongo ni uleule.

Mimi si mtu wa kufuatafuata nyayo za shemeji yangu. Nimeuliza kwa sababu umeomba. Mwalimu mwenzake anasema Leodegar aliomba ruhusa Jumatatu, akasema anakwenda Moshi kung'oa jino. Alirudi Ijumaa. Kanisani hakupakwa majivu, hilo hata mimi nakumbuka, maana yeye ndiye huongoza wanafunzi kwenda altareni na siku ile waliongozwa na mwingine.

Meno yake yote yapo. Nimemtazama Jumapili ya Matawi akiimba.

Lakini dada, nikuambie na hili. Anakonda. Jioni hukaa nje akatazama juu kila ikipita ndege ya kwenda Nairobi. Mtu aliyeua hafanyi hivyo, au pengine ndivyo afanyavyo, mimi sijui, mimi ni seremala. Jihadhari usije ukasema neno ambalo hatuwezi kulirudisha. Watu wa ukoo wake na wetu wanasali kanisa moja.

Barua yako nimeichoma.

Tarsis


Mtaa wa Swahili, Kariakoo
29 Aprili 1957

Leodegar,

Leo sikuiti shemeji.

Hukuwa Kilema ukisahihisha mitihani. Hukuwa Moshi kwa daktari wa meno pia. Ulikuwa hapa, mwendo mfupi tu kutoka mlangoni kwangu, na hukuja hata kunywa maji.

Unamkumbuka Zamzam? Bila shaka humjui jina. Ni mama mwenye mgahawa Mtaa wa Mkunguni, karibu na soko, ambako Severa alikuwa akinywa chai akitoka kazini. Wanawake wote wa pale wanamjua Severa kwa sababu ya suruali yake, na kwa sababu akipita juu ya soko na ndege walikuwa wanaacha kupima mchele wakapunga mikono. Wiki jana Zamzam kaniambia, bila hata kuulizwa, "Yule bwana mwenye koti la kaki na kalamu mfukoni, aliyegombana na dada yako, alikuwa nani?" Nikamwuliza lini. Kasema ilikuwa Jumanne, siku moja kabla ya watu kujazana mgahawani kusikiliza redio habari za uhuru wa Ghana. Kasema Severa aliongea polepole na mwanaume akaongea kwa nguvu. Kasema mwanaume alipiga meza, vikombe vikaanguka, akaondoka bila kumalizia chai. Severa aliomba radhi kwa niaba yake, akaokota vigae kwa mkono.

Jumanne unavunja vikombe. Jumatano hayupo. Alhamisi redio inatangaza. Ijumaa unarudi Kilema, unaniandikia unaniuliza sanduku liko wapi.

Ulimfanya nini mdogo wangu? Ulikwenda kiwanjani? Ulizungumza na Kapteni? Nijibu kabla sijarudi polisi, na safari hii sitaondoka kwa kutakiwa siku njema.

Agnesi binti Filbert


Kilema
7 Mei 1957

Agnesi,

Nenda polisi ukipenda. Nitakuja mwenyewe kukushika mkono.

Nilikuwa Dar. Nilificha kwa sababu mume anayegombana na mkewe mbele za watu siku moja kabla hajapotea, kila mtu atafikiri ulichofikiri wewe. Kiwanjani sikufika. Kapteni sijawahi kumwona kwa macho. Usiku ule nililala nyumba ya wageni na asubuhi nikapanda basi.

Nilikuja kwa sababu mama yangu alisikia kwa wachuuzi wa ndizi kwamba Severa ana mwanaume Dar. Nilikuja kumwuliza. Alisema hana. Nikamwambia basi aache ndege turudi wote. Akasema hawezi. Halafu akasema neno lililonichoma mpaka leo. Ninaliandika kama alivyolisema. "Leodegar, nisikilize kidogo, ugomvi tutaumaliza nikirudi. Kesho siendi Mafia. Kwenye karatasi wataandika Mafia, lakini Kapteni ananituma Liwale, kambi ya wawindaji, na ameniambia nisimwambie mtu yeyote. Mambo haya siyapendi. Nakuambia wewe ili kuwe na mtu anayejua."

Mimi nikasikia nini? Nikasikia mwanamke anatunga safari ya porini ili akakutane na bwana wake bila kutafutwa. Wawindaji, Liwale, usimwambie mtu. Nikapiga meza. Nikamwambia hata uongo hajui kuusuka. Nikaondoka.

Alipotangazwa redioni sikuamini kifo. Niliamini amekwenda na huyo mtu, na kwamba wewe umemsaidia kwa sanduku na kwa kila kitu. Ndiyo sababu nikakuuliza vile. Ndiyo sababu sikutamka Liwale kwa mtu yeyote: mume gani huwaambia polisi mahali mkewe alikokwenda kulala?

Sasa nimekueleza yangu yote. Na sanduku, Agnesi? Bado hulijui?

Leodegar


TELEGRAMU
Kutoka Dar es Salaam, 13 Mei 1957
Kwa Mwalimu Leodegar, Misheni Kilema, Moshi

NJOO UPESI STOP PETROLI ILIKUWA YA LIWALE STOP KAPTENI ALIJUA STOP BAKILI MWENYEJI WA HUKO ATAKUONGOZA STOP SANDUKU NINALO NISAMEHE STOP AGNESI


Liwale
14 Juni 1957

Shemeji Agnesi,

Lori linaondoka kesho kwenda Nachingwea na dereva amekubali kubeba barua hii. Mimi bado nina mambo ya kumaliza na bwana shauri, mkuu wa serikali wa hapa. Kaa chini kabla hujasoma. Kama Augustino yupo, mwite.

Tulifika Lindi kwa meli kama ulivyotuona tukiondoka. Barabara za huku zilikuwa ndiyo kwanza zinakauka, tukakwama mara nyingi, na sehemu ya mwisho tukatembea. Bila Bakili nisingefika. Anaongea na watu kwa lugha yao, na kila kijiji alimkuta shangazi au binamu. Katika kijiji cha tatu hatukulazimika kuuliza. Mtu mmoja alimwambia Bakili, "Kama mmekuja kwa habari ya ndege, mmechelewa. Lakini njooni."

Iko katika shamba la mtama. Haikuanguka, shemeji. Ilitua. Nimetembea juu ya alama za magurudumu yake, zimenyooka kama mstari wa rula. Mwishoni kulikuwa na mtaro uliofichwa na majani, gurudumu likaingia, ndege ikainama. Debe la petroli liliruka kutoka nyuma likampiga mguu, likauvunja chini ya goti.

Mama mmoja anayeitwa Bi Zamda alimpokea nyumbani kwake. Ni mjane, analima mtama na ufuta. Alimfunga mguu kwa vijiti na kumlisha kama mwanawe. Haya ninayokuandikia ameyasema yeye, Bakili akinifasiria, na jumbe wa kijiji ameyathibitisha mbele ya bwana shauri.

Severa alifika kambi ya wawindaji siku ile ile, akapakiziwa mizigo iliyofungwa kwenye turubai. Aliambiwa ni ngozi. Ilikuwa mizito mno. Aliruka, injini ikaanza kukohoa, akatafuta mahali pa kutua akapata lile shamba. Turubai lilipasuka, watu wakaona pembe za ndovu.

Siku chache baadaye alikuja Mzungu wa ile kambi na gari. Bi Zamda alikuwepo. Anasema Severa alimwambia yule mtu, "Nipeleke hospitali." Akajibu, "Gari limejaa. Nitarudi kukuchukua." Akapakia pembe zote, akang'oa na kibao cha namba ya ndege ubavuni kwa bisibisi, akaondoka. Hakurudi. Kambi ile sasa ni majivu na makopo. Kwa hiyo Kapteni alipokuwa anakunywesha chai na kukuonyesha bahari, alikuwa amekwisha pata habari kwa mwindaji huyo kwamba Severa yu hai na ana mguu uliovunjika.

Jumbe alituma watu wawili kwenda Liwale. Mto ulikuwa umefurika, mmoja nusura achukuliwe na maji, wakarudi. Walijaribu tena baada ya siku kadhaa, hali ni ileile. Hakuna wa kumlaumu pale.

Jeraha liliingia uchafu. Homa ikaja, ikaenda, ikaja. Alifariki wiki iliyofuata Pasaka. Wamemzika pembeni mwa shamba na kumwekea uzio wa miiba. Nimeweka msalaba. Bakili amesoma dua yake na mimi nimesoma yangu.

Nimefikiri kama nikuandikie hili linalofuata au nilimeze. Nimeona nisifiche tena kitu. Nilimwuliza Bi Zamda kama Severa alikuwa na hofu. Alisema mwanzoni hapana. Alisema kila walipomhurumia kwamba amepotea, yeye ndiye aliyewatuliza. Aliwaambia, "Sijapotea. Mume wangu anajua nilipo. Nilimwambia." Alisema hivyo hata baada ya yule mwindaji kutorudi. Kila asubuhi aliomba asogezwe mlangoni, upande wa njia ya kutokea mjini, ili nikifika anione kabla sijauliza watu. Bi Zamda akaniuliza, kwa heshima kabisa, kama nilikuwa mgonjwa.

Bakili alijibu kitu kwa lugha yao, sijamwuliza alisema nini.

Nikitoka hapa nitapita Dar kutoa maelezo polisi. Sitafikia kwako. Si kwa hasira. Sijui tu nitakaaje sebuleni mbele ya watoto wako. Lakini lipo jambo moja ambalo ni wewe tu unayeweza kuniambia, nalo niandikie Kilema. Lile sanduku. Alikuwa ananiacha?

Leodegar


Mtaa wa Swahili, Kariakoo
30 Agosti 1957

Shemeji Leodegar,

Nimechukua muda mrefu kukujibu. Mara nyingi nilianza, nikafika kwenye swali lako, nikaenda kuuza vitunguu.

Kwanza habari za kesi. Kapteni alikamatwa Mombasa akiwa na tiketi ya meli ya kwenda kwao. Mwindaji hajaonekana. Kesi itasikilizwa hapa Dar mwezi ujao, na wewe, mimi na Bakili tumeitwa mashahidi. Bakili amefukuzwa kazi kama alivyosema, sasa anapakua magunia dukani kwetu na Augustino anasema hajawahi kupata mtu mwaminifu vile.

Wakili wa serikali aliniita. Ni Mzungu kijana, hakunificha. Alisema wakili wa Kapteni atatupiga kwa barua zetu wenyewe tulizowapa polisi na maelezo yetu ya kituoni. Atasema mume alidanganya alikokuwa. Atasema dada alidanganya juu ya sanduku, akanyamaza juu ya petroli. Atasema familia ilijua zaidi ya kampuni na haikusema, sasa mnamlaumu Kapteni kwa nini? Na atauliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu wote, kama mke alikuwa anamkimbia mumewe.

Kwa hiyo nakujibu sasa, ili usilisikie mara ya kwanza kwa mtu aliyevaa wigi. Ndiyo. Alikuwa anakuacha. Aliniletea sanduku Jumatatu, akasema amechagua ndege. Alikuwa amelia, lakini alikuwa ameamua. Ningeweza kukuambia vingine, Tarsis hata alinishauri hivyo. Lakini uongo wangu mmoja ulitugharimu siku za mwisho za Machi na Aprili yote. Ningekujibu ukweli juu ya sanduku katika barua yako ya kwanza, ungenitukana, ungeniambia Liwale kwa hasira, na mimi ningeijua petroli. Najua na wewe unahesabu hivyo hivyo kwa upande wako. Nilikuona kituo cha polisi siku ile ulipotoa maelezo. Ulipita upande wa pili wa barabara ukiwa umeinamisha kichwa, sikukuita.

Lakini sikiliza na hili, maana ni la kweli vilevile. Mimi nilikuwa dada yake. Nilimlea mgongoni mama akiwa shambani. Alikuja kwangu Jumatatu na sanduku, tukakaa tukala, na habari ya Liwale hakuniambia. Nilipomwuliza safari ijayo ni wapi alisema Mafia. Aliogopa, na hakuniambia mimi. Alikwenda akakuambia wewe, mtu aliyekuwa anamwacha. Nimelifikiri sana jambo hilo, na mwanzo lilinitia wivu. Sijui lina maana gani kwako. Mimi nalichukua kama lilivyo: siku ile aliyemwamini alikuwa wewe.

Mahakamani nitaitwa kabla yako, nimemwomba wakili. Nitasema mwenyewe nilichoficha kabla hawajaniuliza, sanduku na petroli na yote. Nikishasema mimi, na wewe sema yako. Wakitucheka watucheke wote wawili. Baada ya hapo watalazimika kumwuliza Kapteni yeye alikuwa anaficha nini, na kwa ajili ya nani.

Panda basi la Jumanne. Shuka Mnazi Mmoja, Augustino atakuwa pale, amevaa kofia ya rangi ya kahawia, usiende nyumba ya wageni. Watoto wameambiwa baba mdogo anakuja. Chumba cha nyuma nimekifagia. Tutakula kwanza, kisha tutakaa wewe na mimi na Bakili tupange nani atasema nini.

Shemeji yako,
Agnesi